Kichanja cha Mama na Foleni ya Tunduma

Zamani huku kwetu Mbozi, sifa ya nyumba haikuwa sebuleni. Mgeni mwenye macho alizunguka nyuma. Huko alikuta kichanja cha miti kinachofika kiunoni, sufuria na sahani zimefudikizwa juani. Shimo la taka lililonyunyiziwa jivu. Kamba ya nguo kati ya migomba miwili. Na mbele kidogo choo cha matofali mabichi kilichoezekwa nyasi, tundu lake limefunikwa kwa ubao wenye mpini. Nyumba yenyewe ingeweza kuwa ya udongo, na baba mwenye nyumba asiwe hata na baiskeli. Nyuma pakiwa hivyo, watu walisema, "Hapa pana watu."

Kichanja cha mama yangu nakifahamu vizuri, maana mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa miti. Kilisimama kwa nguzo nne zenye panda, zilizochomwa kidogo chini ili mchwa wasizile. Juu zililazwa fito, kati ya fito na fito nafasi ya kidole, maji yachuruzike na upepo upite. Zilifungwa kwa kamba za magome, na kamba zikilegea mama alizikaza upya kabla mvua hazijaanza. Sufuria ya ugali ilikaa kulia, vikombe kushoto, kata ya maji ilining'inia kwenye ncha ya ufito. Usiku wa giza, bila taa, ulinyoosha mkono ukapata ulichokitaka. Chombo kulala chini halikuwa jambo la kusamehewa. "Kuku hana adabu," mama alikuwa akisema, "lakini wewe unayo."

Mama hakuyabuni haya peke yake. Mwaka 1973 nchi nzima iliingia katika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 Radio Tanzania Dar es Salaam ilirusha vipindi, na watu wazima wapatao milioni 2 wakakaa katika vikundi kusikiliza. Redio ikishanyamaza, anayejua kusoma alisoma kijitabu kwa sauti, kikundi kikajadili, kisha kikakubaliana jambo la kufanya. Masomo yalikuwa ya magonjwa ambayo kila mmoja alikuwa ameyaona nyumbani kwake au kwa jirani: malaria, kichocho, safura, kuhara damu, kifua kikuu. Mtu alirudi nyumbani na kazi mkononi: afyeke majani yanayozunguka nyumba, achimbe choo, achemshe maji ya kunywa. Miaka miwili baadaye ikaja Chakula ni Uhai, kwa mtindo uleule.

Wazazi wangu walikuwa vijana wakati huo. Kikundi chao kilikutana kwa mwenye redio, na mchana betri zilianikwa juani ili zisizimike katikati ya kipindi. Mimi nilipopata akili kampeni ilikuwa imekwisha siku nyingi, ila kazi zake zilikuwa zimegeuka desturi. Nyumbani kwetu hakuna aliyesema tunafuata maagizo ya serikali. Tulijua tu kwamba watu huishi hivyo.

Aliyezishika desturi hizo zisianguke alikuwa balozi wa nyumba kumi. Alikuwa mkulima kama sisi, shamba lake la kahawa limepakana na letu, na jioni alipita mikono nyuma, bila haraka.

"Hodi hapa."

"Karibu, baba balozi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo? Na yule mgonjwa wenu?"

"Anaendelea vizuri, baba."

"Tumshukuru Mungu. Ule mfuniko wa choo nauona umepasuka."

"Umepasuka juzi, baba. Baba Watoto atachonga mwingine."

"Haya. Jumamosi nitapita tena."

Na Jumamosi alipita. Hakutoza faini wala hakuandika barua. Alipita tu, na mfuniko mpya ulikuwapo, kwa sababu ilijulikana kwamba atapita. Mara mojamoja alikuja bwana afya na baiskeli yake kutoka makao ya kata. Habari za ujio wake zilifika kabla yake, na siku hiyo hata wavivu walionekana na fyekeo.

Shuleni mambo yalikuwa hayohayo. Kila mtoto alikwenda na kidumu cha maji na ufagio. Kengele ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa mtini. Ikigongwa, mchakamchaka ulianza kabla jua halijatoka, katika baridi ya Juni ambayo mtu wa Mbozi hahitaji kuelezwa. Baadaye tulipanga mstari, mwalimu wa zamu akapita akitazama kucha, meno, nywele na kola ya shati. Miaka ya mwanzo ya 1980, sabuni ilipoadimika nchi nzima, mama alikata mche mmoja kwa uzi akapata vipande vyembamba vya kutosha mwezi. Ukaguzi haukusimama hata wakati huo. Ndipo nilipolisikia jina la Tunduma likitajwa mara kwa mara nyumbani: mahali ambako mtu akienda, akavuka hadi Nakonde upande wa Zambia, hurudi na sabuni.

Chakula kilikuwa cha shambani. Asubuhi uji wa ulezi, mchana ugali na maharage, au majani ya maboga yaliyopikwa na karanga. Wakati wa mvua, uyoga. Togwa ilikuwa kwenye chungu kwa yeyote atakayepita na kiu. Tulikula kwenye sinia moja, na mtoto aliyechelewa alijua maana ya kuchelewa. Redio nayo ilikuwa na vipindi vyake, Pwagu na Pwaguzi kwa wakubwa, Mama na Mwana kwetu sisi. Bibi alikuwa Mmoravian, wa kanisa lililofika Mbozi mwaka 1899, na kabla ya kulala alisomewa neno la siku kutoka kitabu kidogo ambacho Wamoravian wamekuwa wakichapisha kila mwaka tangu 1731. Bibi hakujua kusoma. Alichokipenda zaidi ni kuambiwa kwamba neno lile lile linasomwa siku hiyo hiyo na watu asiowajua, katika nchi asizoweza kuzitaja. Baada ya hapo taa ya mafuta ilizimwa na kijiji chote kikalala.

Sipendi kuyapaka rangi yaliyopita. Kichanja hakizuii surua, na mfuniko wa choo haumfikishi mama mjamzito hospitali usiku wa mvua. Tulizika watoto ambao leo wangepona kwa chanjo au kwa dawa ya malaria ya bei ndogo. Hata sahani zetu za maharage hazikutosha sikuzote kwa mtoto anayekua. Mkoa wetu wa Songwe unalisha wengine kwa mahindi, lakini utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 uliona zaidi ya asilimia 40 ya watoto wake wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa kama asilimia 32. Tatizo la namna hiyo halikuota kwa msimu mmoja. Hali imeanza kuwa nafuu tangu hapo, na aliyewahi kumbeba mtoto mgonjwa mgongoni kilomita nyingi hawezi kutamani miaka ile irudi kama ilivyokuwa.

Ninachokililia ni kimoja katika yale yote. Zamani mtu hakuachiwa kujitunza peke yake. Kengele, sinia, redio, balozi na neno la siku, vyote viliwafanya watu wengi watende jambo moja kwa wakati mmoja huku wakionana. Tulipopata dawa, barabara na umeme, kitu hicho tulikiacha kikatoka mikononi mwetu bila hata kuagana nacho.

Tunduma, ninakoishi sasa, imenionyesha jambo hilo kuliko mahali pengine popote. Mji huu ni mtoto wa njia. Bomba la mafuta la kwenda Ndola lilipita mwaka 1968, barabara kuu ya Zambia ikawekewa lami, na reli ya TAZARA ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikafunguliwa mwaka 1976. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulizaliwa kwa kumegwa kutoka Mbeya, makao yake makuu Vwawa. Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu walifungua kituo cha pamoja cha forodha, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mbili. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 219,309 katika Mji wa Tunduma pekee, kati ya watu 1,344,687 wa mkoa mzima. Wamekuja Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, Wafipa, Wanyakyusa, Wakinga, na watu wa mbali zaidi, kila mmoja na mazoea ya kwao, na hakuna mazoea hata moja ambayo ni ya mji.

Njoo usimame kando ya barabara upande wa Mpemba saa kumi alfajiri. Foleni ya malori imeanzia mpakani na mwisho wake huuoni. Yanayoshuka yamebeba shaba kutoka Zambia na Kongo, yanayopanda yamebeba mafuta, mbolea na makontena. Dereva mmoja amelala juu ya usukani. Utingo wake ameinama ubavuni mwa tela, amefungua sanduku la chuma, ndani mna jiko dogo la gesi, kitunguu na unga. Anakoroga ugali huku injini ya lori la mbele ikimpulizia moshi. Chupa ya maji ya kunywa imesimama karibu na chupa ya maji ya kunawia, na gizani ni vigumu kuzitofautisha. Foleni ikisogea hatua mbili, atafunga sanduku na ugali utabaki mbichi.

Hatua chache kutoka hapo yuko mama lishe ninayenunua chai kwake. Siku moja nilimuuliza hulala saa ngapi.

"Kaka yangu," akasema, "hapa saa wanazo madereva. Akishuka mtu na njaa saa nane usiku, hiyo ndiyo asubuhi yangu."

Wanawe aliwaacha kwa mama yake kijijini. Anawapigia simu, na simu hukatika wateja wakija. Vyombo vyake vyote ameviweka ndani ya beseni moja la maji, na maji hayo hayabadilishwi mpaka muuza maji apite na madumu, maana Tunduma maji ni kilio cha miaka mingi na dumu la lita 20 ni fedha. Huyu si mchafu wala si mvivu. Ameamka kabla ya mji mzima. Ila analobeba peke yake, mama yangu alilibeba pamoja na balozi, jirani, bwana afya na redio.

Kinachoonekana kwake kinaonekana kwa wengi wetu. Kijana wa bodaboda hukesha kwa kopo la enaji na asubuhi hula chipsi mayai akiwa juu ya pikipiki. Mfanyabiashara hukaa dukani tangu alfajiri hadi usiku, soda mkononi, na kutembea kwake ni kutoka kwenye kiti hadi kwenye gari. Presha na sukari, ambayo bibi aliyajua kama magonjwa ya watu wa mjini, sasa yana foleni yake hospitalini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta mtu mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na wapatao 9 kati ya 100 wana kisukari. Viroba, zile pombe kali za vifuko ambazo wenzetu wa Zambia waliziita tujilijili na kuzikataza mwaka 2012, vilipigwa marufuku kwetu tarehe 1 Machi 2017. Vijana kadhaa niliowafahamu, marufuku ilikuta wameshaharibika.

Fedha nazo zimepoteza kalenda. Kahawa ya Mbozi ililipwa kwa msimu, malipo ya kwanza halafu ya pili, na baba alizipanga noti mezani mbele yetu: hizi sare na daftari, hizi mbolea, hizi chumvi na mafuta ya taa, hizi kibubu. Aliandika katika daftari lenye mistari, nasi tuliona kila kitu kikiandikwa, kwa hiyo hakuna mtoto aliyeomba viatu kabla ya wakati wake. Tunduma fedha huingia kila siku na hutoka kila siku. Anayepungukiwa hukopa kwenye simu usiku, peke yake, bila mke au mume kujua. Simu ikishindwa, anakwenda kwa wakopeshaji ambao mtaani wanaitwa kausha damu, nao hawajapewa jina hilo kwa uonevu. Nimeona sofa ikitolewa ndani ya nyumba mchana kweupe, watoto wakitazama. Baba yangu hakuwa na kipato cha yule mwenye sofa hata nusu. Alikuwa na meza, daftari, na macho ya watu wa nyumbani mwake.

Mpaka wenyewe umetupima mara mbili katika miaka ya karibuni. Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kwa sababu ya korona, na Tunduma nzima ikaota ndoo zenye koki: kila duka, kila benki, kila lango la kanisa na msikiti. Vijijini vibuyu chirizi vilirudi, dumu dogo lililotobolewa na kamba ya kukanyaga kwa mguu. Hofu ilipopungua, koki zikakauka. Baada ya kipindupindu kulipuka Zambia Oktoba 2023 na kuua mamia ya watu, ndoo zikatolewa stoo, zikajazwa, na baada ya muda zikarudishwa stoo. Hakuna hata mtu mmoja katika mji huu asiyejua kwamba kunawa mikono kunaokoa maisha. Tumefundishwa kwa redio, kwa mabango, kwa nyimbo. Somo tunalo, ila hatuna mtu wa kupita Jumamosi.

Serikali imejaribu. Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru ziligeuzwa kuwa siku ya usafi, na baadaye Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Desemba 2017 ikaja kampeni ya Nyumba ni Choo. Juni 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku, na vikapu vikaonekana tena sokoni. Mwaka 2024 Wizara ya Afya ikairudisha hata Mtu ni Afya, kwa jina lile lile. Niliposikia jina hilo redioni nilifurahi, kisha nikaingiwa na huzuni. Mwaka 1973 jina lilikuwa na kikundi nyuma yake, kikundi kilikuwa na siku ya kukutana, na siku hiyo ilikuwa na kazi ya kutolewa taarifa mbele ya majirani. Jumamosi yetu ya usafi mara nyingi ni watu waliosimama mbele ya maduka yaliyofungwa wakisubiri saa ya kufungua ifike.

Hata hivyo kuna mahali ambapo desturi ile haijafa, na wanaoishika ni akina mama wa vikoba. Mtaani kwetu kiko kikundi ambacho hukutana kila wiki nyumbani kwa mwanachama, kwa zamu. Huweka hisa, hukopeshana, anayechelewa hulipa faini, na hesabu husomwa kwa sauti mbele ya wote. Kwa kuwa wanahama nyumba kwa nyumba, kila mmoja anajua wiki ambayo wenzake watapita uani kwake na kuingia chooni kwake. Siku mbili kabla ya zamu yake, jirani yangu hutoa magodoro nje, husugua madumu, huwaita wapangaji wenzake wasafishe choo wanachochangia. Hakuna bwana afya aliyemwamuru. Na mwenzao mmoja alipoacha kuja, walimfuata, wakamkuta anaumwa presha bila mwenyewe kujua, wakampeleka hospitali kwa fedha ya mfuko wa jamii wa kikundi. Wanacheka sana katika vikao vyao. Nikipita nawasikia, na najiambia kwamba hii nayo ni afya.

Kwa hiyo ombi langu kwa Tunduma, na kwa Vwawa, Mlowo na miji mingine yetu inayokua kwa kasi, ni dogo na linawezekana. Mabalozi bado wapo, wenyeviti wa mitaa wapo, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo. Warudishiwe kazi ya kupita kwenye nyumba za watu, kwa heshima na salamu zote, na wapite tena siku waliyosema watapita. Nyumba za kupanga ziwe na siku ya wapangaji kukaa pamoja, wapange zamu ya choo na maji kabla hawajagombana. Madereva wa masafa wawe na mahali pa kunawa, kula na kulala kando ya foleni, maana kwao ndiko mji huu unakopata riziki yake. Vikundi vya vikoba viulizane habari za usingizi, chakula na presha kama vinavyoulizana habari za rejesho. Na kila mmoja wetu achague mtu mmoja, ndugu au jirani, ampe ruhusa ya kumuuliza swali ambalo yule balozi aliuliza bila kuogopa, naye akubali kuulizwa bila kununa. Mtu ni afya, tuliambiwa, na ni kweli. Lakini afya hiyo wazazi wetu waliipata kwa kushikiliana, nasi hatutaipata kwa njia nyingine.